Kinu kwa Bi Karani, Mchi Kwangu

Kwa Bi Karani ilikuwa hatari kusifu kitu. Ukisema tu, "Bi Karani, hiki kikombe kizuri," alikitoa kabatini, akakifuta kwa upindo wa mtandio wake na kukukabidhi. "Kizuri? Basi chako." Ukikataa, ananuna. Ukikubali, ndiyo umeingia, maana hakuwa mtu wa kutoa kitu yakaisha. Ilikuwa lazima ukibebe kikombe mbele ya mashahidi wawili, uvuke nacho kizingiti chake, ushuke nacho kwa lifti mpaka kwako, kilale huko. Kesho yake unakirudisha na kusema kwa sauti, mashahidi wale wale wakisikia, "Bi Karani, nakuazima kikombe changu." Naye anakipokea, anakushukuru, anakirudisha pale pale kilipokuwa jana, na kuanzia hapo anakinywea chai kama mtu aliyeazima. Akifa, unakuja kuchukua chako.

Niliishi naye jengo moja mashariki mwa Toronto, mimi ghorofa ya nne, yeye ya saba. Katika miaka hiyo niliona mapazia, cherehani, masinia, hata meza ya kulia ikiingia na kutoka kwenye lifti kwa utaratibu huo. Meza ilibebwa na Wakongo wawili wa ghorofa ya tisa. Ilipofika kwa huyo aliyepewa ikagoma kupita mlangoni, ikalala koridoni, na Bi Karani akashuka mwenyewe kwenda kuamua kama imekabidhiwa au la. "Mguu mmoja uingie ndani," alisema. "Mguu mmoja unatosha." Wakaiinamisha mpaka mguu mmoja ukaingia.

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa kushuku, ndivyo nilivyo, na nilipoona mtu mzima anagawa vitu vyake vyote na vyote vinabaki kwake, nilijiuliza anatafuta nini.

Sitasema hapa alizaliwa wapi wala alikuwa binti wa nani. Sijui. Siku zile sikuwa na tabia ya kuwauliza watu mambo. Nilikuwa nachunguza.

Jina la Karani lilitokana na kazi. Kabla ya kustaafu alikuwa akichapa maandishi kwa profesa mmoja wa historia aliyekusanya wosia wa wanawake wa Uingereza wa miaka mia nne iliyopita. Profesa aliusoma ule mwandiko mbovu wa zamani, akausema kwa sauti kwenye kinasa sauti, na Bi Karani akachapa. Alifanya kazi hiyo miaka kumi na miwili. Sisi wengine tulikuja Kanada tukajua baridi na basi la saa kumi na moja alfajiri. Yeye alijua nani aliachiwa birika na nani alinyimwa.

"Hawakuwa na ardhi, mwanangu," alikuwa akiniambia huku akimenya vitunguu. "Ardhi mara nyingi ilikwenda kwa wanaume. Na mwenye mume haandiki wosia ila mume akubali, maana hata gauni alilovaa ni mali ya mume. Kwa hiyo niliowachapa mimi karibu wote ni wajane na wasioolewa. Sasa mjane amebaki na nini? Kitanda cha manyoya. Shuka. Sufuria za shaba. Sketi ya ndani nyekundu. Lakini usikilize anavyovigawa!"

Na kweli, ungesikia ungedhani anasema watu wa ghorofa ya sita. Kuna aliyempa mpwa wake kitanda kizuri kuliko vyote, na dada yake mwenyewe akampa cha pili kwa uzuri, makusudi, wajukuu wasome. Kuna aliyeandika "sufuria yangu iliyozibwa kitako," na hapo Bi Karani aliacha kumenya. "Aliyeandika hivi," alisema, "amekwishaiosha kwa mkono wake. Mwanamume angeandika sufuria tatu, akapita."

Kutoka kwa wale wanawake alichukua mapenzi ya vyombo. Kutoka kwenye dini yake, ambayo aliifuata kwa dhati na kila Ijumaa alipelekwa msikitini Thornhill kuswali, alichukua sharti kwamba zawadi isiyokabidhiwa si zawadi. Akavichanganya, akapata ule mchezo wake wa lifti. "Karatasi inapotea," alisema. "Wakili anakufa. Lakini mtu aliyebeba meza mgongoni hasahau kwamba meza ni yake."

Nilichokiona mimi ni kingine. Niliona kwamba kila aliyepewa kitu alirudi kukiangalia. Yule wa cherehani alikuja kila Jumamosi, ati kuipaka mafuta, na hakuja mikono mitupu, alileta mahamri. Wa mapazia alikuja kuyafua. Mama mmoja Mgoa aliyepewa seti ya vikombe alimwoshea vyombo vyote miaka mitatu, asije mtu akavivunja vyake. Nikasema moyoni, bibi huyu si mjinga. Ametega kila pembe ya nyumba, na watu wanaingia wenyewe wakiwa na bakuli la pilau mkononi.

Niliwahi kumtupia neno. "Bi Karani, wewe huna mtu asiyekuja kwako."

"Wanakuja kuona vyao," akasema. "Nami nafaidika kuwaona wao. Kuna aliyeumia?"

Akanimiminia chai. Alikuwa haweki sukari bila kukuuliza, lakini akishakuuliza, aliweka kiasi alichotaka yeye.

Alikuwa na mwana mmoja huko Markham, kaskazini mwa Toronto, mtu wa ofisini, mwenye nyumba ya gereji mbili na jikoni kama maabara. Huyo ndiye mrithi, na hakuna kitu ndani ya ile fleti alichokitaka. Bi Karani alilijua hilo na hakulisema vibaya, ila alinisimulia siku moja kwamba alimwonyesha mjukuu wake sinia la shaba, akamwambia hili litakuwa lako, na mtoto akamjibu kwa Kiingereza kwamba wao tayari wana sahani. Alicheka alipokuwa akisimulia. Kisha akalitia sinia kwenye mfuko na kumpelekea mwalimu wa madrasa wa ghorofa ya pili, mashahidi wakiwa wameshaitwa.

Lakini yeye mwenyewe, mtoaji huyo, alikuwa hapokei. Ukimletea kitambaa, alikupa kitambaa kikubwa zaidi kabla hujafika kwenye lifti. Alitaka mashahidi kwa kila kijiko, na bado nyumba yake hakuifunga mchana. Alisema uongo ni haramu, na nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia mwanawe kwa simu kwamba amekula nyama na mboga, ilhali mezani palikuwa na kipande cha mkate na ndizi. Mtu wa namna hiyo utamwamini upande gani?

Hapa inabidi niwaeleze juu ya mama yangu.

Mama alitoka Tanga kuja kukaa nami, na katika wiki ya kwanza alishampata Bi Karani. Walishinda pamoja. Mimi nilikuwa mapokezi kwenye kliniki ya meno asubuhi na nasafisha ofisi jioni, kwa hiyo nilishukuru kwamba kuna mtu wa kumshughulisha, na wakati huo huo sikupenda. Nikirudi nilikuta wananyamaza. Nilijua wananisema.

Mama alikuja na kitu kimoja tu cha maana kutoka nyumbani: kinu kidogo cha shaba, kizito, chenye mistari miwili mdomoni na kibonyeo ubavuni, alama ya siku kilipodondoka kwenye ngazi za saruji na kunikosa mimi mguuni nikiwa na miaka sita. Mchi wake nao wa shaba. Kila asubuhi alitwanga iliki na tangawizi, na sauti ile ndiyo iliyoniamsha nikiwa mtoto, ikawa ndiyo inayoniamsha tena nikiwa na miaka arobaini. Jirani wa chini akalalamika. Akalalamika tena kwa maandishi. Nikamnunulia mama mashine ya umeme ya kusagia, nikamwambia, "Mama, kinu sasa kipumzike. Huku si Tanga." Alikisukuma kinu ndani ya oveni, mwisho kabisa.

Msomaji asiyewajua watu wetu ataniuliza kinu kinafanya nini ndani ya oveni. Katika jengo letu hakuna aliyeoka. Oveni ilikuwa kabati. Masufuria makubwa, masinia, vikaango, vifuniko visivyojulikana ni vya nini, vyote vilikaa humo, na aliyetaka kupasha samosa ilibidi kwanza ahamishe nusu ya jikoni.

Basi usimamizi wa jengo ukabandika tangazo kwamba majiko yote yatabadilishwa kwa siku moja, na kila mtu atoe vitu vyake. Siku hiyo nilikuwa nimechelewa kazini. Mama alikuwa ameshapanda ghorofa ya saba kukwepa vumbi. Nilifungua oveni, nikatoa masufuria, nikayarundika juu ya kitanda changu, na mafundi waliponiuliza kama ni tupu nikawaambia ni tupu. Nikakimbilia basi.

Niliporudi jioni nilimkuta Bi Karani koridoni, na kigari chake cha kwendea sokoni kimejaa masinia na vifuniko vya watu. Alikuwa anagonga mlango mmoja mmoja. "Hii ya nani? Na hii? Tazameni vizuri." Alisema ameviokota ndani ya majiko ya zamani, yaliyokuwa yamepangwa uani nyuma ya jengo yakisubiri lori. Watu wakambusu mikono. Mimi machale yakanicheza. Bibi mwenye magoti mabovu anatafuta nini kwenye majiko yaliyotupwa? Na kwa nini mlango wangu aliuruka?

Ndani nilimkuta mama amekaa kwenye kochi bado na koti lake. Mikono yake ilikuwa ya baridi na upindo wa kanga yake ulikuwa na masizi.

"Mlikuwa wapi?"

"Tulitembea," akasema mama.

Nilijua kuna kitu. Lakini nilichoka, na sikuuliza zaidi ya hapo.

Miezi minne baadaye mama alifariki, hospitali, kwa maradhi ya moyo. Nilipopata nguvu ya kupanga vitu vyake, nilikuta mchi kwenye droo ya vijiko na kinu hakipo. Nilipekua kila mahali. Nilitoa hata soksi kwenye masanduku. Baada ya arobaini nilipanda kwa Bi Karani kumshukuru kwa khitma, na kinu kikawa pale, kwenye kizingiti cha dirisha la jikoni, na yeye amesimama anaponda thomu ndani yake kwa ncha ya mti wa kusukumia chapati.

Damu ilinipanda kichwani.

"Hicho ni kinu cha mama."

"Ndiyo. Ni cha mama yako."

"Kimefikaje hapa?"

"Alikiacha kwangu."

"Lini? Na nani alikuwepo?"

"Tulikuwa wawili tu," akasema, na akaendelea kuponda.

Wawili tu! Mwanamke ambaye kikombe chake cha chai kilihitaji mashahidi wawili na safari mbili za lifti, leo kinu cha mama yangu kimehama ghorofa tatu na shahidi ni yeye mwenyewe. Na mchi? Hapo ndipo nilipomkamata, au nilidhani. Hakuna mtu duniani anayetoa kinu akabakiza mchi. Anayetoa, hutoa vyote viwili. Anayebeba kinu peke yake ni yule aliyekichukua kwa haraka, mwenyewe hayupo, hakujua mchi umewekwa wapi. Nilishuka kwangu nikaufunga mchi ndani ya taulo, nikauweka chini ya kitanda kama kielelezo cha polisi.

Ulikaa hapo miaka kumi na moja.

Mtu mwenye akili zake angeacha kwenda ghorofa ya saba. Mimi nilizidisha. Nilikwenda kila Jumapili kukilinda kinu kwa macho. Nilimpeleka Bi Karani kwa daktari ili niwe na sababu ya kuingia kumchukua na kuona kama bado kipo. Nilimfutia theluji kwenye kibaraza, nikamlipia bili ya simu dukani alipoumwa, nikampikia uji wa Ramadhani, na kila mara jicho langu lilikuwa dirishani. Nilijiambia kwamba wale wengine wamenaswa na vikombe vyao, mimi ni mlinzi. Sikuona kwamba nilikuwa namwoshea vyombo kama yule Mgoa.

Nilimtega pia. "Tangawizi ya siku hizi haina ladha," nilisema, "labda kwa sababu haipondwi na mchi wake." Akasema, "Labda." Nilimuuliza shehe kwa mbali, ati kuna rafiki yangu ana tatizo la amana. Nilipiga picha ya kinu kwa simu, kile kibonyeo kionekane. Siku moja nilimwambia yule mwanawe wa Markham, tukiwa kwenye lifti, kwamba nyumbani kwa mama yake kuna kitu cha familia yetu. Akanijibu bila hata kuuliza ni kitu gani, "Auntie, chukua. Chukua chochote. Mama ana vitu vingi mno." Nilikaribia kumzaba kofi. Nikikipokea kwake nitakuwa nimekubali kwamba kilikuwa chake.

Naye Bi Karani alikuwa na maneno yake mawili aliyonichokoza nayo, au ndivyo nilivyosikia. La kwanza ni la mjane mmoja wa Kiingereza aliyerithisha sufuria iliyokuwa tayari nyumbani kwa jirani. "Haikuibiwa," alisema. "Ilikuwa inasubiri mwenyewe." La pili ni sharti alilolipenda kuliko yote, ambalo alisema alilichapa zaidi ya mara moja: kwamba huyu apewe hiki na kile, lakini akiwaletea ugomvi wasimamizi wa wosia, asipate kitu. Alilirudia huku akicheka mpaka miwani inateleza. Mimi nilichungulia chai yangu. Nilijua ananitisha.

Na kila nilipokuwa natoka, mkono ukiwa kwenye kitasa, aliniuliza jambo lile lile.

"Una haja na kitu, mwanangu?"

"Hapana, Bi Karani. Sina haja na kitu."

"Haya."

Mara ngapi? Kila Jumapili kwa miaka kumi na moja, hesabuni wenyewe.

Mwishoni alianguka bafuni, akavunjika nyonga, na mwanawe akampeleka nyumba ya kulelea wazee karibu na kwake. Siku ya kuhamisha fleti nilishuhudia jambo ambalo sijaliona tena. Mwanawe alikuja na mifuko myeusi ya taka, roli nzima, akiwa amejiandaa kwa siku mbili za kazi na ugomvi. Watu wakaanza kupanda. Wa cherehani akachukua cherehani. Wa mapazia akapanda kwenye kiti akayashusha. Mwalimu wa madrasa alikuwa na sinia lake; ndiye aliyesimama mlangoni akishuhudia. Kila mmoja alisema "changu hiki," na kila mmoja alikuwa na watu wawili wa kusema "ndiyo, chake, tulikuwepo." Hata ile meza ilishuka. Adhuhuri fleti ilikuwa tupu, hakuna aliyeinua sauti, na mwana wa Markham amesimama katikati na mifuko yake bado imekunjwa. Alikuwa analia. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliona mama yake alikuwa na watu.

Mimi sikulia. Mimi nilikuwa natazama kizingiti cha dirisha. Kinu hakikuwepo.

Jumapili iliyofuata niliutoa mchi ndani ya taulo, nikautia kwenye mkoba na kupanda mabasi mawili hadi huko. Njiani nilipanga maneno yangu yote, nikayarudia kama mtu anayekwenda mahakamani.

Nusu ya chumba ilikuwa yake. Nusu ya pili, nyuma ya pazia, ilikuwa ya bibi mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa anasikiliza redio. Bi Karani alikuwa amepungua mpaka anafanana na nguo iliyowekwa kitandani. Kinu kilikuwa kwenye kimeza, kando ya kichwa chake. Ndani yake kulikuwa na miwani na kalamu.

"Shikamoo, Bi Karani."

"Marahaba. Huo mkoba una nini, mbona unakupinda bega?"

Nikautoa mchi, nikauweka juu ya shuka. Nikasema yote. Nikasema kwamba mama hakuwahi kuniambia ametoa kinu. Kwamba hakukuwa na shahidi. Kwamba mchi ulikuwa kwangu siku zote na huo ndio ushahidi. Kwamba yeye, aliyetufundisha wote kukabidhi, alikula amana ya maiti. Sikupaza sauti kwa sababu ya yule Mtaliano, lakini maneno nilitema. Bi Karani alinisikiliza, na mkono wake ukawa juu ya mchi, anaupapasa kama anaukumbuka.

Nikasubiri. Redio ikaimba. Nikaona hakuna litakalotoka, nikachukua mkoba wangu, nikaenda mlangoni. Nikashika kitasa.

"Una haja na kitu, mwanangu?"

Sijui ni nini kilichonipata. Labda ni uchovu. Nilikuwa nimeshayatoa maneno yote makali, na chini yake hakukuwa na kingine ila lile jambo lenyewe. Nikageuka, nikasema, "Ndiyo. Nakiomba kinu cha mama yangu. Tafadhali. Nakitaka."

Na hapo nikalia kama mtoto, na sikuona haya.

"Sema tena," akasema Bi Karani. Kisha akavuta pazia kwa ncha ya fimbo yake na kumwambia yule Mtaliano kwa Kiingereza kwamba anahitaji shahidi. Bibi yule akainua mkono, bila kujua ni wa nini. Nikasema tena.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Karani. "Nilidhani nitakufa nacho. Fungua hiyo droo."

Kulikuwa na bahasha ya plastiki, na ndani yake karatasi moja iliyochapwa kwa mpangilio wa wale wanawake wa Kiingereza, chini pana sahihi ya mama, ile herufi ya kwanza kubwa na zilizobaki zinatetemeka. Nilisoma nimesimama.

*Kinu changu cha shaba chenye kibonyeo ubavuni, kilichoko kwa jirani yangu wa ghorofa ya saba, apewe binti yangu siku atakayokuja kukiomba kwa mdomo wake. Asielezwe kilikopatikana kabla ya siku hiyo. Akija kwa ugomvi, kisubiri.*

"Kilipatikana wapi?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kwa mbali.

"Ndani ya jiko," akasema. "Wewe ulitoa masufuria. Cha nyuma hukukiona. Tulikuwa kwangu tunakunywa chai, mama yako akaweka kikombe chini akasema, kinu! Tukashuka. Majiko yote ya jengo, mwanangu, yamepangwa uani, yote meupe, yote sawasawa, na lori limeshafika. Tukaanza kufungua moja moja. Yeye mstari huu, mimi mstari ule, kwa magoti. Ndiyo nikavikuta vya watu wote. Chako alikipata yeye mwenyewe."

"Kwa nini hakukirudisha nyumbani?"

"Alidhani umekitupa makusudi. Kwa ajili ya kelele. Nikamwambia hapana, amesahau, muulize. Akasema, huyu mwanangu haombi kitu tangu mdogo, wala haulizi, anachungulia tu. Kaa nacho. Kama amekitupa, hatakitafuta. Kama amekisahau, ataniuliza kiko wapi, nami nitamwambia nenda kakichukue kwa Bi Karani, na tutacheka." Akautazama mchi. "Mchi tuliuacha kwenye droo yenu ya vijiko. Tungeuchukua, ungejua."

Miezi minne. Kila asubuhi katika miezi minne ile niliwasha mashine ya umeme mbele yake, na mama aliniangalia. Nilidhani ameizoea. Nilidhani amefurahi kwa kupumzika. Kumbe alikuwa anangoja nimuulize neno moja, na mimi niliona masizi kwenye kanga yake nikaamua kushuku badala ya kuuliza. Hilo ndilo linaloniuma, na sitalipamba. Amekufa anangoja.

"Wale Waingereza," akasema Bi Karani, "wangeandika, akija kwa ugomvi asipate kitu. Nilimsomea mama yako, nikamwambia ndivyo inavyoandikwa. Akakataa. Akaniambia, futa hapo. Andika kisubiri."

Kisha akajifuta macho kwa mtandio, akarudi kuwa karani. "Haya, beba. Vuka mlango."

Nikaitoa miwani na kalamu, nikakibeba kinu kwa mkono mmoja na mchi kwa mwingine, nikatoka koridoni. Niliutia mchi ndani yake. Ulitoa ile sauti, mara moja tu, na muuguzi mmoja akachungulia kutoka chumba cha tatu. Nilisimama pale mpaka nikaweza kupumua.

Niliporudi ndani alikuwa ananingoja, mikono ameinyoosha juu ya shuka.

"Sasa niazime," akasema. "Kama wengine."

Nikasita. Naapa, baada ya yote hayo, nilisita. Nilitazama mlango usiofungwa, nikamfikiria yule muuguzi, nikamfikiria mwana wa Markham na mifuko yake myeusi. Bi Karani aliniona. Alinyoosha mikono tu.

"Bi Karani," nikasema kwa sauti, Mtaliano akisikia, "nakuazima kinu changu na mchi wake."

Nikaviweka vyote viwili kwenye kimeza chake, nikaondoka mikono mitupu. Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikapanda mabasi yale mawili tena. Nilikwenda kumwamkia, lakini sitadanganya: nilipofungua mlango nilikitazama kinu kwanza.